Chenga

Dishi tulilipata Ibra, hoteli ilipobomolewa:
futi nane, kutu pembeni, tundu moja la risasi ya harusi.
Tulilileta Mudhairib kwa pikapu, limelala chali kama kobe,
Thuweni nyuma kalikumbatia, kanzu imemjaa upepo,
watoto wa dukani wakiuliza: hilo sufuria mtapikia nani?

Akalisimamisha darini, kati ya tangi la maji na tende za kuanika,
akalitia saruji miguuni,
akalielekeza pale ambapo jicho halioni kitu.

Mimi kazi yangu ngazini.
Yeye juu anasukuma, mama chini mbele ya runinga,
mimi katikati nabeba maneno:
“Vipi?” “Chenga.”
“Sasa je?” “Chenga tupu.”
“Na sasa?” “Ilikuja. Imekwenda zake.”
Siku nne hivyo, kwa nusu ya unywele, magharibi, mashariki,
mpaka magoti yangu yakazijua ngazi kumi na saba
kila moja kwa jina lake.

Ikashika usiku wa Alhamisi, saa tisa.
Hapana mtangazaji. Hapana muziki wala maandishi.
Mkono tu, ndani ya glavu nene kama mto wa kulalia,
unazungusha nati, na nati haitaki.
Nyuma yake bahari fulani inapita, haina haraka.
Na pumzi. Hha. Hha. Karibu mno,
kana kwamba mtu yule yumo nyuma ya pazia letu.

Thuweni akatafsiri: “Anaomba spana ndogo.”
“Wanamwambia ajaribu tena.”
“Anasema yuko sawa.”

Mama, ambaye Kiingereza chake ni *gudi moni* na bei ya dawa,
akaweka kikombe chini.
“Hayuko sawa. Kachoka huyo.”

Miezi saba alikesha na pumzi za baba,
mashine ya oksijeni ikinguruma kama friji,
na baba kila akiulizwa akijibu: mzima mie, lala.
Mama anajua pumzi inavyosema uongo.
Anajua inaposhika ukuta ili isianguke.

Thuweni akanyamaza. Hakutafsiri tena.
Tukakaa watatu, kahawa ikapoa,
mkono ukazungusha, ukateleza, ukarudi.

Kisha upepo. Mchanga ukapiga dirisha,
picha ikavunjika vipande vya mraba, ikafa.
Thuweni mbio darini, mimi mbio ngazini,
yeye kule juu kakamata ukingo kwa mikono miwili:
“Vipi?”
Nikainama, nikauliza chini: “Mama, vipi?”

Skrini nyeusi. Yeye kasogea,
sikio lake karibu liguse kioo.

“Mwambie asiguse kitu,” akasema.
“Bado namsikia.”