Zamu ya Saa Nane

Hadithi yangu ilikuwa ukurasa mmoja na nusu:
mwanamke wa Kibosho, zamu yake ya maji saa nane usiku,
anashuka mgombani na jembe na tochi,
anazoa tope, anaondoa magome, anaufungua mfereji.
Maji yanakuja.
Maji ya mlimani, yale ya kuuma meno,
yanakuja vuguvugu.
Basi. Nukta.

Ndesario aliisoma amesimama,
ghorofani Mtaa wa Rindi, juu ya duka la vipuri.
Akanionyesha mkono wake, vinyweleo vimesimama.
"Sasa," akasema, "nipe dakika tisini."

Tisini! Mimi ninayo moja na nusu.
Ni kama kupewa bakuli moja la kisusio
na kuambiwa nje kuna harusi, watu mia nne.
Unaongeza maji. Unaongeza chumvi.
Unaongeza maji.

Tukaongeza mume aliyerudi na siri yake kwenye begi.
Tukaongeza binti anayechora ukutani
(haya mambo hayaendi bila mtoto wa kuchora ukutani),
daktari wa KCMC mwenye mashaka,
mwinjilisti asiye na hata chembe ya mashaka,
na mbwa, dakika ya kumi na mbili,
anayekataa kuuvuka mfereji.
Dakika ya thelathini na nane, akasema Ndesario, lazima kionekane.
"Nini?"
"Hicho kinachooga huko juu."

Sikuwa nimeandika kwamba kuna kinachooga.
Niliandika maji tu.
Lakini alivyokitaja, kalamu ikanilegea,
maana miaka yote ile
nilikuwa nakisikia kikijimwagia.

Fundi wa magodoro pale Mbuyuni akakishona:
sponji, katani, meno ya mfupa wa ng'ombe,
laki mbili na arobaini, pamoja na mkia
ambao hakuna aliyeuagiza.
Siku ya kupiga picha kilikaa juu ya jiwe, kichwa mapajani,
kikila chapati maharage,
kikimuuliza kijana wa taa matokeo ya mpira.
Watoto wa jirani wakakizunguka. Mmoja akauvuta mkia.
Hapo hofu yangu ikashuka bei
kama kahawa mwaka wa neema.

Sikulaumu sponji.
Hofu haipendi kukaribishwa kiti.
Ikisimama mlangoni, unakesha.
Ikikaa dakika tisini inaomba chai,
inaanza kukueleza ukoo wake.

Tukaionyesha kwanza kwenye ukumbi wa parokia,
shuka mbili zimeunganishwa, mshono katikati
ukimpasua kila mtu uso.
Kilipotokea kitu chetu, watu walicheka.
Mbwa alipokufa, walilia.
Mama Aikaruwa, mwenye zamu, mwenye jembe,
aliyenisimulia haya nikiwa na miaka kumi na mmoja
tukichambua maharage kwenye ungo,
alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani,
hakupepesa mpaka majina ya mwisho,
hata ya waliopika.

Nikamsindikiza. Njiani nikamwomba radhi kwa ajili ya mkia.
Akacheka kidogo, kicheko cha kutafuta funguo.
Tulipofika kwenye mfereji akasimama.
Ulikuwa unapita tu, kama kawaida yake,
ukinong'ona na majani ya mgomba.

"Mmeweka vingi," akasema. "Yule mbwa ni mzuri.
Ila mwanamke wenu anautoa mkono
haraka mno."

Nikanyamaza.

"Ilikuwa Julai, mwanangu. Unaijua baridi ya Julai huku.
Mimi sikuutoa.
Nilichuchumaa palepale,
nikautia na wa pili."