Kilobaiti Saba

Kilobaiti saba kwa sekunde.
Nimezihesabu tangu saa mbili asubuhi,
hapa Bondeni, Nakuru, juu ya duka la mbolea,
na harufu ya mbolea inapanda ngazi haraka kuliko data.

Ndani ya kompyuta yangu nimefufua nyingine,
ya mwaka tisini na nane, kijivu, yenye saa ya mchanga,
maana daftari za pareto za Molo
hazifunguki kwa kitu kingine chochote.
Huyo ndiye mgeni. Mashine yangu ndiye mwenyeji.
Faili ni moja tu, megabaiti arobaini na moja,
inatoka chumba hadi chumba cha nyumba ileile
na bado inajikokota kama inayovuka kaunti.

Mzee Gathogo, mweka hazina, ameketi na kofia magotini.
"Badilisha waya."
Hakuna waya, mzee.
"Basi ndiyo sababu."

Nimebadilisha kadi ya mtandao, ya kubuni, kwa ya kubuni nyingine.
Nimezima kinga ya virusi.
Stima imepotea dakika tisa. Nimeanza upya.
Saba.

Saa nane nikaacha kurekebisha, nikasikiliza.
Mgeni anatuma kifurushi, ananyamaza.
Adabu ya kizamani: hasemi la pili
kabla hajaitikiwa la kwanza.
Na mwenyeji, mjanja wa siku hizi,
anabana matumizi ya majibu,
anangoja vifurushi viwe viwili aitikie mara moja.
Huyu anangoja jibu, yule anangoja neno.
Sehemu ya tano ya sekunde, kimya.
Kifurushi.
Kimya.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga;
sikujua mwenyeji wangu alikuwa mgonjwa.

Neno moja katika mipangilio: itikia papo hapo.
Nikawasha upya. Utepe wa buluu ukajaa
kabla sijafikia kikombe changu.

Mzee akavaa miwani.
"Nitafutie Tabutany Rono, wa Keringet."
Nikamtafuta. Machi, elfu mbili na tatu:
maua makavu, kilo mia mbili na kumi na mbili.
Imepokelewa, na saini.
Safu ya malipo, nafasi tupu.
Nikashuka naye ukurasa kwa ukurasa,
nafasi tupu, nafasi tupu,
na skrini haikukwama hata mara moja.

"Chapisha," akasema.
Kisha akageuka mlangoni, kofia mkononi:
"Kwa herufi kubwa. Macho yake yamekwisha."