Miguu ya Mnara

Walipima kwa kamba, wakamwaga kifusi,
shamba la Subilaga likainuka kimo cha paja.
Kiwira ukaja Aprili kama ujavyo,
ukabisha pale ulipozoea kupita,
ukakuta zege,
ukageukia kwa Mwakyambile.
Mpunga wake ulikuwa na mimba.

Usiku taa nyekundu inawakonyeza kambale
katika majaruba yaliyozama.

Amepanda bati la jirani,
bati jipya, kodi ya mnara ya mwaka wa kwanza,
na redio ya betri mbili kifuani.
Inasema safi, bila mkwaruzo:
wakazi wa mabondeni, chukueni tahadhari.

Anaongeza sauti.
Huenda watamtaja aliyeyageuza maji.

Linafuata tangazo la sabuni.
Subilaga, pembeni, anammenyea ndizi.