Hata, na Nukta

Kwetu Mkomani neno hili halina mkia.
Jirani akikuuliza, "Ni punda wako aliyetafuna mkeka wangu?"
unasema, "Hata,"
unaendelea kupepeta mchele.
Muuza nazi akitaja themanini:
"Hata. Hamsini."
Naye hucheka, maana alijua,
mkakutana sitini na tano.

Si "hapana". Hapana ni ya ofisini,
imechomekea shati.
"La" ina kitabu mkononi.
"Hasha" tunaiweka akiba:
dini, damu, mirathi.
Hata ni ya miguu mitupu,
nusu yake hutokea puani,
na kidevu hunyanyuka kidogo
kama mtu aliyeona inzi ukutani.

Mwaka ule wa kupima viwanja
alikuja karani kutoka bara, kijana wa heshima, Mutinda,
kola imelowa jasho,
akaketi dakani na fomu zake.
"Mama Mwanakheri, kuna bwana anataka wikio,
chumba kile cha juu ya njia.
Unakubali kuuza?"

"Hata," akasema mama.

Mutinda akaandika Hata
akangoja, kalamu hewani.
Kwao neno hilo ni kizingiti, sharti uvuke:
hata mimi, hata kesho, hata ukinipa nini.
"Hata nini, mama?"

Mama akanigeukia
kana kwamba mgeni amekunywa kahawa
kisha anauliza kahawa iko wapi.
"Hata," akarudia, polepole, kwa kumsaidia.

Nikamwambia, bwana, imekwisha. Weka nukta.
Hakuweka. Alitia vidoti vitatu,
akafunga faili, akashukuru kwa maji.
Mahali fulani ng'ambo ya Mokowe, katika kabati la chuma,
mama yangu bado hajamaliza kukataa.

Tuliicheka hadithi hiyo miaka.
Arusini, matangani, mtu akisema "hata nini?"
nyumba nzima inaanguka.

Kumbe iko hata nyingine.
Mfunguo Tano, mvua imekatika, namuuliza:
"Mama, una ndaa?"
"Hata."
"Mguu wauma?"
"Hata."
Alisema akiwa ameshika ukuta,
chokaa imemganda viganjani.
Neno lilikuwa lile lile, kidevu kile kile,
nami nikarudi jikoni kugeuza mkate.

Karani alijua kungoja.
Mimi, mtoto wa nyumba, niliweka nukta.

Wikio lipo. Paka wanalala ndani yake,
na Bunu, mwanangu, akipita chini huinama
ingawa ni mfupi, hana la kuinamia.

Jana aliniuliza kama nimechoka.
"Hata," nikasema, nakunja kanga.
Akabaki amesimama mlangoni na ndoo ya maji,
hakuondoka.