Kamba ya Kushoto

Miaka kumi na mmoja nilibeba kahawa,
magunia ya kilo sitini, pale ghalani Mbale,
na mgongo haukuniambia neno.
Siku ulipoanza kusema, haukunyamaza.

Wa kwanza aliandika Panadol kabla sijaketi.
Wa pili aliniuliza umri, akacheka:
"Arobaini? Huo ni uzee, mzee."
Wa tatu alinichoma sindano tatu
kwa bei ya mbuzi wangu, yule mwenye doa.
Nililala kifudifudi hadi Jumapili,
mbuzi kaenda, maumivu yapo.

Nikajifunza kusema "sijambo" huku nimeshika ukuta.

Halafu Daktari Apolot, foleni ya Alhamisi,
sauti ndogo, kalamu imelala mezani.
Hakuuliza panauma wapi.
Aliuliza: "Asubuhi, nani hukufungia viatu?"

Nikamtaja Mutonyi, binti yangu, darasa la nne,
anayepiga magoti kabla ya kengele ya shule,
na hapo, mbele ya mgeni, nikalia,
mimi niliyezinyamazia sindano.

Kidonge cha kwanza kilinitia kizunguzungu.
Nikarudi kwa aibu. Akasema, "Vema umerudi,"
akapunguza, kisha akakibadilisha.
Cha sasa ni kidogo kama punje ya ulezi;
nakimeza usiku, kisha mkekani nanyanyua goti,
moja, halafu jingine, Mutonyi akihesabu kwa Kigisu.

Maumivu hayajaondoka. Yamesogea mlangoni,
yameketi kama mdai
aliyekubali kulipwa kidogo kidogo.

Jana nilifunga kamba ya kushoto.
Ya kulia alimalizia yeye.