Mifuko ya Hewa

Otari alilinunua Rustavi, kwenye uwanja wa magari,
mahali ambapo mtu huingia na akili zake
akatoka na funguo.
Ng'ombe wawili, kipande cha shamba la mizabibu,
na ile pete ya mama yake iliyokuwa haitoki kidoleni
ila kwa sabuni.
Viti vya ngozi, alisema. Vinapasha moto makalio.
Mbao za mjozi mpaka kwenye usukani!
Mimi nilinusa: chini ya ngozi, chini ya marashi ya muuzaji,
harufu ya mto.

Nikainua zulia. Matope makavu, laini kama sembe,
na risiti ya kuegesha gari katika mji nisioujua,
huko Amerika, tarehe imefutika.
Gari hili lilizama, nikasema.
Akanijibu: Nani hajawahi kuzama?

Wiki ya kwanza iliwaka taa ya manjano.
Fundi Nugzar akaifunika kwa utepe mweusi,
akasema, usiitazame.
Wiki ya pili zikawaka tatu.
Rejeta ikatema maji ya waridi juu ya theluji,
mlango wa nyuma ukakataa kufunguka
isipokuwa siku za mvua,
kioo cha dereva kikashuka chenyewe mlimani Rikoti
tukafika Zestaponi na barafu mapajani,
hatusemezani.
Oili lilikunywa kuliko Otari anavyokunywa divai.
Nugzar alitia bomba la mpira sikioni,
akausikiliza mnyororo ukilia ndani ya injini,
akavua kofia.
Hapo nikajua bei.

Wanasema rahisi ni ghali.
Hili halikuwa hata rahisi.

Lakini ugonjwa wake mkubwa ulikuja usiku.
Ile mifuko ya hewa, inayobeba mwili mahali pa springi,
ilikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino.
Tulilisikia kutoka kitandani, ssss,
likishusha pumzi kama mtu aliyerudi kulima,
kwanza nyuma, kisha mbele,
hata kukipambazuka limelalia tumbo kwenye changarawe,
kuku wa jirani juu ya paa.
Watu wakipita wanauliza:
Otari, gari lako linatubu?

Mama mkwe, Babale, ana miaka themanini na minne;
magoti yake yamemtangulia kufa.
Teksi iko chini mno, akikaa hainuki.
Basi liko juu mno.
Miaka sita hakuvuka geti.
Asubuhi moja alitoka na fimbo, akalizunguka,
akafungua mlango, akaligeuzia mgongo,
akakaa.
Basi. Kama mtu akaavyo ukingoni mwa kitanda chake.
Washa, akasema.

Otari akawasha. Kompresa ikaguna, ikapiga chafya,
na polepole likamwinua,
juu ya ua, juu ya kuku wanaokimbia,
mpaka akaiona milima yenye theluji
nyuma ya paa la jirani, ghorofa aliyoijenga
mwaka ule ule tulipomzika baba.
Hakusema neno. Alishika mkanda kwa mikono miwili.

Kushuka je? Tunazima, tunangoja.
Kule makaburini huchukua saa nzima.
Otari anatafuna mbegu za alizeti,
Babale anamsema mumewe kupitia dirishani,
sauti ikishuka pamoja na gari,
na miguu ikigusa majani anakuwa
ameshamaliza ugomvi.

Mwezi wa tatu Nugzar alipata springi za chuma.
Tiba ya kudumu, alisema. Halitalala tena.
Otari alikwisha panga noti juu ya boneti.
Nikatazama dirishani:
Babale, shali begani, fimbo mkononi,
ni Jumapili.
Nikazikusanya noti, moja moja, zilikuwa na grisi.

Nugzar, nikasema,
ziba rejeta. Mnyororo, ukiweza.
Magoti yaache.