Timazi ya Ndahani

Penseli yake haikujua mfuko.
Ilikaa sikioni, hata siku ya ndoa yetu kule Mvumi;
kasisi aliichomoa mwenyewe, akaiweka juu ya Biblia.

Nikienda sokoni napita nyumba za Ilazo.
Kona ile ni yake. Na baraza lile
alilobomoa akalirudia, kwa saruji ya pesa yake,
kwa kuwa maji yalituama, kiasi cha kikombe.
Mwenye nyumba hakuona.
Ndahani aliona.

Ya kwetu, Nkuhungu, iliishia kwenye lenta.
“Tukishavuna uwele,” alisema, “naezeka.”
Uwele tumevuna.
Upepo wa Julai unaingia kwa juu,
unamwaga vumbi jekundu kitandani, upande wake.

Homa ya siku nne. Miaka thelathini na mmoja.
Mfuko wa saruji ulioachwa wazi
huchukua muda zaidi kuharibika.

Jana Sechelela kaitoa timazi kwenye ndoo ya vifaa,
akaining’iniza mbele yangu, nimeinamia sufuria.
“Mama, umepinda.”
Uzi ukayumba. Ukayumba.
Mkono wake mdogo ukangoja, kama alivyofundishwa,
hadi risasi ikatulia.

Nikanyooka.
Ugali uliungua kidogo, tukaula.